Sura ya Saba: Vipande Arobaini na Nane

Saa tatu asubuhi, Ijumaa, Inspekta alikuwa kwenye kichochoro cha nyuma ya jengo, shingo imemkaza kwa kutazama juu. Kwapani alikuwa amebana jalada. Saa nane mchana jalada hilo lilitakiwa mezani kwa mwendesha mashtaka, na saa tisa dereva mmoja wa lori, mtu wa miaka thelathini na minne, angesomewa shtaka la kumuua shangazi yake. Inspekta ndiye aliyemkamata. Shangazi mtu, mstaafu wa nyumba 5C ambaye jengo zima lilimwita Mwalimu, alikuwa ameshazikwa jana.

Kwenye karatasi kesi ilikuwa imekaa sawa. Daktari alisema Mwalimu ameuawa na hewa ya sumu, ile isiyo na harufu, inayotoka kwenye moto wa gesi ukikosa pa kupumulia. Lakini hita ya gesi ya bafuni mwake ilikuwa nzima, tundu la hewa liko wazi, bomba la maji limefungwa, na mlango wa nyumba umefungwa kwa ufunguo kutoka nje. Mtu akishakufa hafungi bomba wala mlango. Kwa hiyo palikuwa na mtu. Ufunguo wa akiba ulikuwa kwenye kabati la msimamizi wa jengo, na daftari la funguo lilionyesha haujatoka tangu mwezi wa tatu. Ufunguo mwingine alikuwa nao mtoto wa kaka yake. Huyo huyo ndiye aliyesema amemkuta marehemu Jumatatu jioni, na Jumapili jirani wa chini alimsikia akipiga kelele: "Utakufa humu ndani!"

Kilichobaki kilikuwa kimoja tu. Tundu lilizibwa na nini? Ndiyo maana Inspekta alimwita fundi rangi, ambaye watu wake walikuwa wamepaka jengo lote wiki iliyopita.

"Haya mkubwa, niulize," alisema fundi. Alikuwa mtu mfupi mwenye madoa meupe mpaka kwenye nyusi. "Lakini uniulize haraka, kuna watu nimewaacha kwenye ngazi, na mmoja akili zake nazijua."

"Mlipopaka ukuta huu, matundu ya hewa mliyafanyaje?"

"Tuliyaziba. Kipande cha nailoni, tepu pande zote nne. Bila hivyo rangi inaingia ndani, na wenye nyumba wanakutukana mpaka babu yako. Bafu zote ziko upande huu. Nyumba arobaini na nane, matundu arobaini na nane."

"Watu wakiwasha hita huku kumezibwa?"

"Si wangekufa, mkubwa? Kulikuwa na tangazo kwenye lifti. Hakuna kuwasha hita mpaka tangazo litoke. Tulipaka Alhamisi, tukabandua Alhamisi hiyo hiyo jioni, Ijumaa jukwaa la kupandia likashuka."

"Kwa nini siku hiyo hiyo?"

Fundi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anatembea kwa miguu. "Tepu inabanduliwa rangi ikiwa mbichi, mkubwa. Ukibandua mbichi, ukingo unakuwa kama umekatwa kwa wembe. Ukiacha ikauke, inaondoka na ngozi. Tazama lile la pili. Na lile. Unaona mstari? Safi." Kidole kikapanda ukutani, ghorofa baada ya ghorofa, kikafika la tano, kikasimama. Fundi akasogea hatua mbili kando, akachungulia nyuma ya bomba nene la maji machafu lililoteremka kutoka juu mpaka chini. "Lile pale ni la nani?"

"Lipi?"

"Lile lililojificha nyuma ya bomba. Njoo hapa nilipo mimi. Ukisimama hapo hulioni."

Inspekta akasogea. Kuzunguka tundu lile ukuta ulikuwa umechunika, vipande vya rangi vimetoka hovyo kama ganda la yai lililomenywa na mtu mwenye njaa.

"Hiyo haikubanduliwa na mtu wangu," alisema fundi. "Mtu wangu akinifanyia hivyo namfukuza hata awe shemeji yangu. Na mmoja ni shemeji yangu kweli, lakini kazi anaijua. Hiyo imebanduliwa kavu. Siku tatu baadaye, nne hivi."

"Jukwaa lilishashuka."

"Lilishashuka. Basi ni mtu wa ndani, ametoa mkono dirishani."

Inspekta alihesabu madirisha kutoka chini, akayahesabu tena. Tundu lilikuwa la 5C.

"Inawezekana mlilisahau?"

Fundi alitazama tena juu. Alijipangusa mikono kwenye suruali, ingawa mikono ilikuwa mikavu. "Nailoni ikishapigwa rangi ile ile ya ukuta, halafu iko nyuma ya bomba, inawezekana. Siwezi kusema haiwezekani. Lakini ndiyo maana kuna hesabu, mkubwa. Tukibandua tunatia kwenye gunia, tunamkabidhi msimamizi wa jengo. Anahesabu, anasaini. Ndivyo Kampuni yenye jengo inavyotaka. Na alihesabu mbele yangu, kwa sauti, kipande kimoja kimoja. Vilitimia arobaini na nane."

"Una hakika?"

"Naapa. Hata nilimtania. Nilimwambia hata mahari ya binti yangu haikuhesabiwa hivyo."

*

Inspekta na fundi walimkuta msimamizi wa jengo ofisini kwake, chumba chembamba kando ya lifti. Ilikuwa mwaka wa kumi na mbili akiitumikia Kampuni hapo, na wapangaji walimpa jina la Daftari, kwa sababu hakuna taa iliyoungua wala mlango uliolia ambao hakuuandika. Nyuma ya ofisi kulikuwa na vyumba viwili alivyopewa pamoja na kazi. Humo aliishi na mkewe na mabinti zao wawili.

"Gunia la nailoni?" alisema. "Lipo stoo, chini ya ngazi. Nilitaka kulitupa, lakini Kampuni haijaleta fomu ya kutupia." Akawafungulia stoo kwa ufunguo uliokuwa mkononi mwake. "Naomba msichanganye vitu, wakubwa. Kila kitu humu kina mahali pake."

"Nani mwingine ana ufunguo wa stoo?" aliuliza Inspekta.

"Hakuna. Ni mimi tu."

Simu ya ofisini ikalia, akaenda kuipokea.

Inspekta na fundi wakamwaga gunia sakafuni. Walipanga nailoni kumi kumi, fundi akipanga, Inspekta akihesabu. Walipomaliza, Inspekta akarudia kuanzia mwanzo.

"Arobaini na tisa," alisema.

"Haiwezekani. Nyumba ni arobaini na nane."

"Hesabu wewe."

Fundi akahesabu, midomo ikimcheza. Arobaini na tisa. Akapiga magoti, akaanza kuvisogeza kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta sindano. Vyote vilikuwa vya ukubwa mmoja, isipokuwa viwili vyembamba. Akavichukua, akavikutanisha mahali vilipochanika. Vikashikana sawasawa, hata mchirizi wa rangi uliovuka kutoka kimoja kwenda kingine ukaungana.

"Ee," alisema, sauti imeshuka. "Hiki ni kimoja. Kilichanika kikatoka viwili."

"Kwa hiyo Alhamisi gunia lilikuwa na nailoni arobaini na saba."

"Zenye vipande arobaini na nane." Fundi aliketi chini kabisa sakafuni. "Alihesabu vipande, mkubwa. Hakuhesabu matundu. Na mimi nilikuwa pale nacheka."

Inspekta alikuwa ameshika kipande kingine. Kwenye hicho tepu ilikuwa imekauka, na imetoka na maganda ya rangi, ya mpya juu na ya zamani chini yake. Vingine vyote tepu yake ilikuwa safi. Mtu alikuwa amekikunja mara nne, kingo kwa kingo, ndipo akakirudisha guniani pamoja na wenzake.

"Huyu mtu," alisema fundi, "angekitupa jalalani, nani angejua?"

"Kila kitu kina mahali pake," alisema Inspekta, akakitia kwenye mfuko wa ushahidi.

*

Mama wa 4C alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi. Ndiye aliyetoa habari za kelele za Jumapili, na tangu hapo alikuwa amezisimulia kwa jengo zima.

"Nilishasema yote, afande. Au yule mtoto amekiri?"

"Nataka unisimulie tena. Alisema nini hasa, neno kwa neno, tangu mwanzo."

"Alisema, 'Utakufa humu ndani!' Si niliandikisha?"

"Kabla ya hapo?"

Mama alishusha mwiko. "Kabla ya hapo... walikuwa wanabishana mambo ya kuhama. Anamwambia, shangazi, njoo ukae kwangu, chumba nimeshakipaka rangi. Mwalimu anakataa. Anamwambia, mimi mke wako simwezi, anaamka na redio. Yule mtoto akasema, wewe ni mtu mzima, huna mtu wa kukuangalia, utakufa humu ndani peke yako, na mimi niko barabarani na lori." Akarudia polepole. "Ndivyo alivyosema. Utakufa humu ndani peke yako."

"Jumanne hukuyasema hayo."

"Jumanne hukuniuliza, afande. Uliniuliza kama nilisikia vitisho."

Inspekta aliandika, akageuza ukurasa. "Jumatatu asubuhi ulikuwa hapa?"

"Niende wapi? Nilikuwa nahangaika na maji. Bafu langu lilikuwa linadondosha kutoka darini, tap, tap, tap, mpaka taulo zote zikalowa. Nikampigia Daftari."

Kalamu ilisimama. "Saa ngapi?"

"Saa moja na nusu, na dakika kidogo. Akasema nakuja. Nikangoja, nikangoja. Kama saa mbili na robo hivi yakakatika yenyewe. Nikasema, hee, leo Daftari amefanya kazi bila kuja kunionyesha sura."

"Hukwenda kumuuliza?"

"Nimuulize nini, na maji yamekatika? Jioni yake ndiyo tukasikia mambo ya Mwalimu, nani tena angekumbuka dari." Akamtazama Inspekta usoni. "Afande. Juu yangu ni kwa Mwalimu. Yale maji yalikuwa ya Mwalimu?"

*

Daftari la malalamiko lilikuwa juu ya meza ya msimamizi, limefunguliwa kwenye siku ya leo, rula imelazwa chini ya mstari wa mwisho. Inspekta akavuta kiti, akarudisha kurasa mpaka Jumatatu, akasoma kwa sauti.

"'4C. Maji yanadondoka darini. Limepokelewa saa 1:35. Limeshughulikiwa saa 2:20.' Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Ulilishughulikiaje?"

Daftari hakusita. "Nilifunga valvu ya maji ya 5C. Iko nje kwenye korido, kila nyumba ina yake. Maji yakikatwa, kudondoka kunakoma."

"Hukubisha hodi kwanza?"

"Nilibisha. Hakujibu. Nikadhani ametoka kaacha bomba."

"Jumatatu jioni askari wangu alinawa mikono jikoni mwa 5C. Maji yalitoka."

"Nilifungua baadaye. Mchana."

"Twende tukaione hiyo valvu."

Walipanda kwa ngazi. Daftari alitangulia, na njiani aliokota karatasi ya peremende, akaitia mfukoni. Kwenye korido ya ghorofa ya tano kulikuwa na kijisanduku ukutani. Inspekta akafungua kifuniko chake. Mafundi walikuwa wamepaka na humo, kwa uvivu au kwa ukarimu: valvu, gurudumu lake na bomba lenyewe vyote vilikuwa vimefunikwa na ganda moja la rangi nyeupe, bila ufa, kama kitu kilichochovywa kwenye maziwa.

"Izungushe," alisema Inspekta.

Daftari akaweka mkono juu ya gurudumu. Hakuzungusha.

"Ukiizungusha, rangi itapasuka," alisema Inspekta. "Haijapasuka. Hakuna aliyeigusa tangu wiki iliyopita. Kwa hiyo maji yalifungwa ndani. Kama mtoto wa kaka yake Mwalimu ndiye aliyeyafunga Jumatatu, wewe ungeandika vipi kwamba limeshughulikiwa saa mbili na dakika ishirini?"

Mkono ulibaki juu ya gurudumu.

"Ungeacha kuandika, ndugu yangu. Nisingekuwa na la kukushika."

"Lalamiko la simu linafika hata makao makuu," alisema Daftari polepole. "Lisipofungwa kabla ya saa sita, wanapiga. Mkono uliandika wenyewe. Miaka kumi na mbili." Akaondoa mkono, akautazama. "Tushuke, mkubwa. Hapa korido watu wanapita."

Ofisini alifunga mlango unaokwenda kwenye vyumba vyake, ambako mkewe alikuwa akisogeza vyombo. Hakukaa mpaka Inspekta alipomwambia akae.

"Mwalimu aliteremka Jumapili," alianza. "Mtu mwingine angewasha hita tu. Yeye akateremka ghorofa tano, lifti mbovu, kuniuliza. 'Mwanangu, tangazo limetoka, sasa naweza kuoga maji ya moto?' Nikamwambia, 'Oga, Mwalimu, nimehakikisha mwenyewe.' Nilimwambia hivyo hivyo. Nimehakikisha mwenyewe. Nilikuwa nimehesabu, mkubwa. Sikusaini bila kuhesabu, wengine wanasaini tu. Mimi nilihesabu."

"Ulihesabu vipande. Kimoja kilichanika."

Daftari alimtazama. Ilikuwa wazi kwamba hilo alikuwa halijui. Alikuwa ameshinda siku nne bila kujua alikosea wapi.

"Kilichanika," alisema. "Kumbe."

"Jumatatu."

"4C alipopiga nilikuwa namalizia ripoti ya wiki. Jumatatu inatakiwa iwe imekwenda saa mbili kamili. Nikasema maji yanaweza kungoja nusu saa, maji si moto." Alinyoosha rula mezani. "Nikapanda. Nikabisha. Nikarudi kuchukua ufunguo. Sikuuandika, nilijua natoka na kurudi tu. Nikaingia. Bomba lilikuwa linamwaga, taulo limeziba tundu la sakafuni, yeye yuko chini. Hita inawaka. Kichwa kikaanza kuniuma pale pale. Nikafunga maji, hita ikazimika, nikafungua dirisha nipate hewa, nikatoa kichwa. Ndipo nikaiona. Nailoni. Iko pale pembeni ya uso wangu."

"Halafu?"

"Nikaibandua."

"Kabla ya kumtazama Mwalimu?"

Upande wa pili wa mlango mke alicheka, akamwambia binti mmoja avae soksi zinazofanana. Daftari alisubiri sauti hizo zipite.

"Kabla ya kumtazama Mwalimu," alisema. "Ilikuwa imekauka, haikutoka mara moja. Nilikuwa navuta kwa kucha. Naona mpaka leo ninavyovuta. Ilipotoka yote ndipo nikapiga magoti, nikamshika shingo, nikamshika mkono."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa na joto."

Inspekta aliliandika neno hilo.

"Lakini maji yale ya moto yalikuwa yamemwagikia muda wote ule, mkubwa. Sijui lile joto lilikuwa lake au la maji. Nimejiuliza mpaka nimechoka. Mtu aliyekufa akiogeshwa maji ya moto, si atakuwa na joto?"

"Ulimwita daktari?"

"Hapana."

"Ulimwita mtu yeyote?"

"Nilifunga dirisha. Nilifunga mlango. Nikarudisha ufunguo mahali pake na nailoni kwenye gunia." Alisema kama anayesoma orodha ya kazi. "Nilijisemea ni mzee, watasema moyo. Nilijisemea wakijua, Kampuni itanitoa mwisho wa mwezi, na vyumba hivi si vyangu. Mabinti wanasoma hapo ng'ambo ya barabara. Halafu mkamchukua yule mtoto. Nikasema watamwachia, hana kosa, watamwachia tu. Kila nikisikia gari linaingia natoka kuangalia kama ni yeye."

"Leo saa tisa anasomewa shtaka la kuua."

"Leo?"

"Hukuwa unajua?"

"Mlisema uchunguzi." Daftari alisimama, akakaa. "Wanangu anawapandisha kwenye lori lake asubuhi akipita. Wanamwita mjomba."

Inspekta alisukuma karatasi na kalamu mbele yake. "Andika. Kama ulivyoniambia, bila kupunguza. Hata la joto."

"Hilo nalo?"

"Hilo kwanza."

Daftari akachukua kalamu. Akaandika tarehe, akaandika saa, akapiga mstari chini yake kwa rula. Aliandika kurasa mbili bila kufuta neno. Alipomaliza aliomba ruhusa akamwambie mkewe. Inspekta alimruhusu, akabaki amesimama nje ya mlango. Hakusikia kilio. Alichosikia ni mke akiuliza jambo moja, mara tatu, kwa sauti ile ile: "Na ulikuja ukanywa chai? Ukatoka huko, ukaja ukanywa chai na sisi?"

*

Saa nane na nusu jalada lilikuwa mezani kwa mwendesha mashtaka, likiwa na jina jingine juu yake. Karatasi za kumtoa mtu mahabusu zinachukua muda kuliko za kumwingiza. Ilikuwa saa kumi na robo dereva wa lori alipoletwa kaunta, ndevu zimemwota, anakokota viatu visivyo na kamba. Inspekta alimsukumia bahasha yenye mkanda wake, simu na kamba za viatu.

"Uko huru," alisema. "Hakuna dhamana wala nini. Huna kesi."

Yule mtu hakugusa bahasha. "Nani?"

Inspekta akamwambia. Alimwambia yote kwa mpangilio: nailoni, gunia, maji, ufunguo. Dereva alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa kaunta. Jina la Daftari lilipotajwa alitikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba wa pili.

"Alimkuta saa ngapi?"

"Saa mbili na robo."

"Alikuwa ameshafariki?"

Koplo aliyekuwa akiandika kaunta aliacha kuandika.

Asubuhi hiyo, kabla ya kurudi kituoni, Inspekta alikuwa amempigia daktari na kumuuliza swali hilo hilo, na daktari alikuwa amesema damu haina saa, haionyeshi mtu alikufa dakika gani. Angeweza kusema ndiyo. Ni neno dogo, na mtu angekwenda nyumbani nalo akalala.

"Sijui," alisema. "Daktari hajui. Hata aliyemkuta hajui. Imeandikwa humo, utaisoma mwenyewe kesi ikianza, kwa hiyo bora uisikie kwangu. Alikuwa na joto."

Dereva aliinama. Alichukua kamba za viatu, akaanza kuzipitisha kwenye matundu, kiatu cha kwanza, taratibu, akikosea na kurudia. Alipofika cha pili alisema bila kuinua uso, "Jumanne wewe ulikuwa unajua kila kitu."

"Nilikosea."

"Nilikwambia nampenda yule bibi kuliko mama yangu. Ukaandika?"

"Sikuandika."

"Ulicheka."

"Nilicheka," alisema Inspekta. "Nisamehe."

Dereva hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Alifunga kamba, akasimama, akavaa mkanda. Suruali ilikuwa imempwaya kwa siku tatu tu. "Ndugu walimzika jana?"

"Jana saa kumi."

"Wapo wanawake tu na mzee mmoja kipofu. Nani alimshusha?"

"Majirani. Na wachimba kaburi wawili."

"Wewe umejuaje?"

"Nilikuwepo." Inspekta alitazama kaunta. "Huwa tunakwenda. Kuangalia nani anakuja, nani haji."

Dereva alimtazama kwa mara ya kwanza sawasawa. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini makavu.

"Basi wewe unapajua," alisema. "Mimi sipajui. Nielekeze."

"Gari lipo nje. Nitakupeleka."

"Nielekeze tu."

Inspekta akachukua karatasi, akachora geti, njia, ukuta. "Ukiingia, kata kushoto, fuata ukuta mpaka unapoishia. Safu ya tatu. Hesabu makaburi kama kumi hivi kutoka njiani. Bado hajawekewa jina, kuna kibao cha namba."

"Namba ngapi?"

Inspekta alitoa kijitabu chake mfukoni, akafungua ukurasa wa jana. Palikuwa na majina ya waliohudhuria, saa waliyofika, namba za magari yao, nani alisimama na nani. Alipitisha kidole mpaka chini, akageuza nyuma ya ukurasa.

"Sikuiandika," alisema.

Dereva aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

"Si kitu," alisema. "Nitatafuta udongo mbichi."